Kiti Ndani ya Kifaru

Eufrazia alikuwa na mdomo, na hilo hata yeye mwenyewe hakulikataa. Pale sokoni Morogoro, alikouza karoti na kabichi zinazoshuka kutoka Mgeta, wateja walimpenda na kumwogopa kwa mpigo. Ukiibonyezabonyeza kabichi yake, alikuuliza kama umekuja kuinunua au kuiposa. Lakini asubuhi ile alipoingia dukani kwa Jitu kutafuta sabuni, mdomo wote ulimkauka. Alisimama mbele ya kaunta, mtoto mgongoni, akilikodolea macho boksi moja lililosukumwa nyuma ya mabeseni.

Juu ya boksi kulikuwa na picha ya kifaru cha jeshi. Kifaru hasa, si mchezo: minyororo imejaa tope, mzinga mrefu umetangulia mbele, na kile kichwa chake cha mviringo kimekaa juu ya mwili kama bakuli lililofunikwa.

"Jitu, hiki nini?"

"Usiniulize, Mama Shukuru," alisema Jitu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anatamani sana kuulizwa. "Hicho ndicho kilichonitapeli mwaka huu."

Jamani, duka la Jitu lilikuwa limebadilika. Miaka michache tu nyuma, shelfu zake zilikuwa na fagio, chumvi na viberiti, na kiberiti chenyewe ulikipata kwa kujuana. Tangu ruksa ya biashara ije, humo ndani ulikuta redio, sabuni za kunukia, saa za ukutani zenye picha za maua, na midoli ya kila namna iliyoletwa kwa maboksi kutoka Dubai. Boksi hili lilikuja humohumo, limechanganyika na wanasesere wenye nywele za dhahabu.

"Nimekiuza mara mbili," Jitu alieleza, "na mara mbili kimerudishwa. Watu wananijia juu: Jitu, unatuuzia kitu kilichovunjika! Nafungua mwenyewe, naona kweli. Kimevunjika vipande vipande, hata gurudumu moja halijakaa mahali pake. Mimi ni mtu wa heshima mjini hapa, mama. Nitauzaje kitu cha namna hiyo?"

Eufrazia alilivuta boksi akalifungua. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijani, vingi mno, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vyote vimeshikiliwa kwenye fremu za plastiki hiyohiyo. Magurudumu yalikuwa upande wao, vifuniko upande wao. Alivigeuza, akaviinua kwenye mwanga wa mlangoni, halafu akaangua kicheko mpaka mtoto mgongoni akashtuka.

"Jitu wee! Ajali gani hiyo inavunja kitu halafu vipande vinajipanga mstari? Hiki hakijavunjika. Hakijaundwa! Wamekuachia kazi."

"Kazi mimi?" Jitu alijipiga kifua. "Mimi nauza, siundi. Kichukue, mama, kiondoke machoni pangu. Plamsi zikiiva Mgeta niletee kikapu, yaishe."

Eufrazia alilikumbatia boksi akatoka mbio, na sabuni aliyoifuata akaisahau.

Sasa, ili ujue kwa nini mwanamke mzima alikimbia barabarani na mdoli wa kijeshi, ni lazima umjue Gabrieli. Huyo alikuwa kaka yake, mtoto wa kiume wa pekee wa mama yao, Bibi Agnes, kule juu Mgeta. Alikuwa mwanajeshi, akaenda vita vya Uganda, akafia ndani ya kifaru. Dereva wa kifaru hicho alikuwa kijana Mnyamwezi kutoka Tabora, jina lake Mikaeli. Vita vilipokwisha, Mikaeli aliupanda mlima kwa miguu kumpelekea Bibi Agnes mkanda wa mwanawe na salamu za jeshi. Mwaka uliofuata akapanda tena na salamu. Na mwaka mwingine tena, mpaka watu wa Mgeta wakaanza kuulizana hizo ni salamu gani zisizokwisha. Basi aliyekuwa akisalimiwa ni Eufrazia. Wakaoana kanisani, wakahamia mjini.

Kwao Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika nyumba ya Bibi Agnes jina la mjomba aliyekufa lilimngoja mtoto wa kiume wa dada yake. Eufrazia alizaa Shukuru, akazaa wasichana wengine, na mwaka huo, wakati watu wameshaacha kuuliza, akajifungua mvulana. Kila mtu alijua huyu ni nani. Kilichobaki ni bibi kulitamka jina tu.

Bibi Agnes akagoma.

"Simnyimi mtoto," alisema, amemkalisha mjukuu mapajani. "Lakini wafu wote wa nyumba hii najua walipokuwa. Baba yenu alifia kitanda kile. Mama yangu alianguka kwenye mgunda wake wa maharage, na mahali penyewe napajua. Gabrieli mnaniambia alifia ndani ya chuma. Chuma ni mahali? Nitaliita jina lake, na yeye aitike kutoka wapi? Nionyesheni alipokaa mwanangu siku ile, jina nitalitoa siku hiyohiyo."

Basi mtoto akaitwa Mgeni, kama wanavyoitwa watoto wachanga kwa wiki chache kabla hawajapewa jina. Ila huyu alikuwa ameshaota meno, anatambaa, anang'ang'ania ugali wa wenzake, na bado anaitwa Mgeni. Katekista alikuwa ameshachoka kuuliza. Kibaya zaidi, macho ya Bibi Agnes yalikuwa yanaingia ukungu. Kila Eufrazia alipopanda kumwona, alimkuta anaona kidogo kuliko mara iliyopita. Siku yatakapozima kabisa hataonyeshwa kitu, na jina la Gabrieli atazikwa nalo. Hilo ndilo lililomkosesha Eufrazia raha, na ingawa alitania kila kitu duniani, hilo hakulitania.

Si kwamba Mikaeli hakujaribu. Tatizo la kwanza, yeye ni mkwe. Mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe, hampi kitu mkono kwa mkono, wala hamsemeshi ana kwa ana. Alikaa kando kwenye kigoda, akamwambia Eufrazia, Eufrazia akamwambia mama, na wote watatu wanasikilizana vizuri kabisa. Alichora kifaru chini kwa kijiti. Bibi akasema haoni kitu ila mikwaruzo. Akakifinyanga kwa udongo, udongo ukakauka ukapasuka. Mwisho akachukua kasha la kiberiti, akaliweka juu ya magunzi mawili, akachomeka kijiti mbele kuwa mzinga.

Bibi Agnes alilipapasa kasha lile muda mrefu.

"Mwambie mumeo," alisema, "mwanangu hakufia kwenye kiberiti."

Mikaeli alishuka mlima siku hiyo, na kwa wiki nzima chakula hakikumpanda.

Huyo ndiye mtu aliyewekewa boksi mbele yake, kibarazani, mchana wa jua kali, amezungukwa na baiskeli za watu. Alipotoka jeshini alikuwa ameendesha tingatinga la minyororo kwenye mashamba ya mpunga Dakawa, hadi watu walipopunguzwa kazi. Sasa alikuwa fundi baiskeli karibu na Msamvu. Mtu wa maneno machache. Alikuwa na kasoro moja tu iliyomchekesha mkewe: ukimgusa bega la kulia kwa nyuma, aligeukia kulia. Kila mara. Hata kama unamwonyesha kitu kushoto, hata kama ng'ombe anakuja kushoto, yeye kulia. Eufrazia aliwahi kuwauliza mawifi zake kama ni ugonjwa wa ukoo, wakamcheka.

Mikaeli alilitazama boksi, akapangusa mikono yake kwa kitambaa, akaipangusa tena.

"Umekitoa wapi?"

"Kwa Jitu. Kimemshinda."

Alitoa fremu moja. Alilitafuta gurudumu moja kwa kidole, akalisugua taratibu.

"Chenyewe," alisema Mikaeli. "Jamani, ni chenyewe."

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na maandishi ya nchi ambayo hakuna mtu Morogoro aliyeweza kuyasoma, lakini michoro ilikuwa wazi, na michoro Mikaeli aliijua. Alikata kila kipande kwa wembe, akakilainisha kwa msasa mpaka kovu la fremu likapotea. Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imekauka zamani. Akatumia ile anayozibia pancha, ikavutika nyuzi nyuzi kama bamia, magurudumu yakakaa upande, na Eufrazia akasema kifaru hicho kinarudi kutoka klabu. Mikaeli hakuchukia. Aliyabandua yote, akayasafisha, akafikiri. Halafu akachukua thina ya rangi kidogo, akatumbukiza humo mabaki ya fremu, na mabaki yakayeyuka yakawa uji mzito. Uji ule ulishika plastiki kwa plastiki, ukikauka huoni hata mshono.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeona thina inavyokula kikombe cha plastiki, nikasema basi inaweza pia kuunganisha."

Eufrazia aliacha kuosha vyombo akamtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote, anamjua anavyokoroma, anamjua anavyokataa mlenda, na kumbe hakuwa amemjua. Mikono ileile inayopigana na minyororo ya baiskeli ilikuwa sasa inashika kipande kidogo kuliko kiroboto na kukiweka mahali pake kwa ncha ya pini, bila kutetemeka. Alipohitaji antena, ile ya kwenye boksi aliiona nene mno. Akachukua kipande cha fremu, akakipasha juu ya moto wa koroboi, kikalegea, akakivuta pande mbili, na plastiki ikarefuka mpaka ikawa uzi mwembamba uliosimama wima wenyewe.

"Mama yangu!" Eufrazia alipiga makofi. "Rudia nione!"

Mikaeli akarudia, na safari hii aliringa kidogo.

Kila gurudumu aliloweka alilitaja. Alimwonyesha mkewe kwamba kati ya gurudumu la kwanza na la pili pana nafasi kubwa kuliko kwingine. Eufrazia akasema basi wamekosea. "Hawajakosea," Mikaeli alijibu kwa furaha kabisa. "Ndivyo kilivyokuwa. Waliokitengeneza hiki walikitazama vizuri." Pale ambapo hawakutazama vizuri, alirekebisha mwenyewe. Taa moja aliihamisha. Sanduku moja la pembeni alilibonyeza kwa msumari wa moto, kwa sababu la kifaru chao vitani, alisema, lilibonyezwa na mti.

Kilipokamilika na kupakwa rangi, mtaa mzima ulikuja. Watu walipiga magoti chini kukichungulia. Fundi cherehani wa jirani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jitu naye alifunga duka lake mchana, akaja na mkewe Nisha, akakizunguka kifaru mara kadhaa mikono nyuma.

"Hiki ndicho kile kilichovunjika?"

"Ndicho," alisema Eufrazia.

"Mikaeli, kaka, wewe si mtu wa kawaida," alisema Jitu, na alikuwa hatanii. "Nipe nikiweke dirishani dukani. Watu waone kwamba sikuwatapeli."

"Kina kwao," alisema Mikaeli.

Watu walipotawanyika, Eufrazia alichutama mbele ya kifaru, Mgeni akiwa mgongoni. Alikuwa na fahari mpaka machozi yanamlenga. Akanyoosha kidole kufungua kifuniko cha juu. Hakikufunguka. Akajaribu cha mbele. Nacho kimeshikana.

"Baba Shukuru, fungua nione ndani."

"Hakifunguki. Nimeunga."

"Ndani kuna nini?"

Mikaeli alikunja karatasi ya michoro. "Hamna kitu. Hawakuweka kitu ndani."

Eufrazia akainuka. "Sasa kaka yangu yuko wapi?"

Mikaeli alikigusa kifuniko kwa kidole.

"Mama atakipapasa, atakisifia, halafu atauliza alikaa wapi mwanangu. Utamwonyesha nini, kifuniko? Baba Shukuru, hiki ni kiberiti kilekile, kimepakwa rangi tu."

Maneno yalipomtoka alitamani ayameze. Lo! Mdomo ule! Mtu amekesha na kushinda na wembe, amekataa hata kula vizuri, halafu unamwambia hivyo. Alitaka kuomba radhi, lakini Mikaeli alikuwa ameshachukua wembe. Alikigeuza kifaru taratibu, akautafuta mshono kwa kucha, pale pasipoonekana mshono, akaanza kukata. Rangi ikabanduka. Plastiki ikatoa mlio mwembamba. Eufrazia hakuweza kutazama, akaingia ndani na mtoto wake, akakaa kitandani moyo unamuuma.

Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa nyingine. Hakukuwa na michoro tena, wala vipande vya boksi. Mikaeli alitafuta vitu vyake mwenyewe. Viti alivikata kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Fimbo mbili za kukatia kona alizitoa kwenye spoki, pedali kwenye kopo la maziwa. Sehemu ya nyuma ya mzinga alitumia bomba la peni, na risasi kubwa zikawa njiti za viberiti zilizochongwa na kupakwa rangi, zimepangwa kwenye kishikizo chake. Alifumba macho, akanyoosha mkono hewani mahali ambapo kitu kilikuwa, akapima kwa vidole, akafumbua macho, akakata. Eufrazia aliliona hilo akaacha utani wote. Aliona mtu anarudi mahali alipokuwa ameondoka kwa shida, anarudi kwa hiari yake, kwa ajili ya mama wa mwenzake.

Na katika kazi hiyo, Mikaeli akaanza kusema.

"Mimi nilikaa hapa," alisema mchana mmoja, akabandika kiti kidogo mbele, upande wa kushoto. "Gabrieli hapa. Nyuma yangu, juu kidogo." Akakiweka cha pili. "Yeye ndiye mpiga mzinga. Anaona kwa darubini yake. Mimi vifuniko vikifungwa naona kidogo sana, naona majani na vumbi."

"Sasa ulijuaje pa kwenda?"

"Tulikuwa na vyombo vya masikioni vya kuongelea. Vikaharibika. Gabrieli akavua kiatu." Mikaeli alitabasamu, macho yakiwa kwenye viti. "Akasema, dereva, kuanzia leo mimi naongea kwa mguu. Akinisukuma bega la kulia, nakata kulia. La kushoto, kushoto. Akiuweka tu mguu begani ukatulia, maana yake endelea, njia ni nzuri."

Eufrazia aliweka chini kabichi aliyokuwa anaikata. Alilitazama bega la kulia la mumewe, bega ambalo alikuwa amelichekea miaka yote hiyo.

"Siku ile," Mikaeli akaendelea, "kipande cha chuma kiliingia kwa juu. Mimi nilisikia mshindo tu, na mishindo ilikuwa mingi. Mguu wake ulikuwa begani kwangu. Umetulia. Nikajua njia ni nzuri. Nikaendelea. Nimeendesha hivyohivyo mpaka tukatoka kwenye mapigano, mpaka walipotusimamisha wenzetu. Nikazima injini. Mguu bado uko begani. Ndipo nikageuka."

Hakusema alichokiona. Eufrazia hakuuliza. Alilia waziwazi, kwa sauti, kibarazani, kamasi na machozi, hata wapita njia wakadhani pana msiba. Na kwa kweli ulikuwepo, ila ulikuwa haujaliliwa vizuri.

Walipanda Mgeta Jumapili iliyofuata. Pikapu ya mboga iliwashusha mwisho wa barabara, wakamalizia kwa miguu kati ya matuta ya kabichi na vijito vinavyokatiza njia. Eufrazia alimbeba Mgeni mgongoni. Mikaeli alibeba kifaru kifuani, kwenye kikapu kilichotandikwa majani makavu ya migomba, na hakukubali kusaidiwa na mtu yeyote. Alipoteleza, aliangukia goti, kikapu kikabaki juu.

Bibi Agnes alikuwa uani, juu ya mkeka, anamenya maharage kwa kupapasa. Wakamwamkia shikamoo. Mikaeli akachukua kigoda, akakaa mbali karibu na kibanda cha kuku, amegeuza uso pembeni, kama mkwe mwenye adabu.

"Mama," alisema Eufrazia, "tumekuletea."

Alikitoa kifaru, akakiweka mapajani kwa mama yake. Bibi Agnes alifuta mikono kwenye khanga. Vidole vyake vilianza kwenye minyororo, vikaihesabu meno kwa kucha, vikaenda kwenye magurudumu, vikakuta ile nafasi, vikasita, vikaendelea. Vilifuata mzinga hadi mwisho wake. Viligusa antena, vikaiacha haraka visije vikaivunja.

"Hiki hata matope kina," alisema bibi.

"Amepaka yeye, mama. Anasema hakikuwa kisafi hata siku moja."

"Mwambie mumeo ana mikono." Halafu akagonga kifuniko kwa kucha. "Gabrieli yuko wapi?"

Eufrazia alikinyanyua kichwa cha kifaru, kikatoka. Akaushika mgongo wa kifaru, nao ukatoka, kwa sababu Mikaeli alikuwa ameviacha vyote bila kuunga. Akaushika mkono wa mama yake akauingiza ndani. Kidole kimoja cha Bibi Agnes, chenye ugumu wa jembe, kikateremka kwenye kiti cha soli ya kandambili, kikakaa humo. Kilienea sawasawa.

"Hapa?"

"Hapo, mama."

Bibi Agnes hakuondoa kidole. Kuku walipita, wakarudi. Eufrazia alijua sasa ndipo jina litatoka au halitatoka kabisa.

"Muulize mumeo," alisema bibi, "humu ndani mwanangu alikuwa peke yake?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," alisema Mikaeli. Na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti wa watu hawa, hakupitisha jibu kwa mkewe. "Hakuwa peke yake, mama. Mbele ya kiti hicho pana kingine, chini kidogo. Hicho ni changu. Mguu wake ulikuwa begani kwangu. Alikuwa ananionyesha njia. Ulikuwa begani kwangu mpaka mwisho, na baada ya mwisho."

Kidole cha bibi kikasogea mbele polepole. Kikakikuta kiti cha dereva. Kikarudi kwenye kile cha nyuma. Kikaenda tena, kikarudi, kinapima hatua hiyo fupi.

"Karibu hivi?"

"Karibu hivyo, mama."

"Bega lipi?"

"La kulia."

Bibi Agnes akalia. Hakupiga mayowe, machozi yalimtiririka tu kwenye yale macho yenye ukungu, naye akayaacha. Kisha akakiweka kifaru juu ya mkeka kwa uangalifu mkubwa, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

Eufrazia alimfungua mtoto mgongoni akampa. Bibi akasimama, akakataa fimbo yake, akavuka ua kwa kupapasa hewa kuelekea kwenye kibanda cha kuku. Mikaeli aliposikia hatua zinakuja alitaka kuinuka akimbie, maana mama mkwe hamfuati mkwe wake alipokaa, haijapata kuonekana.

"Mwambie akae," alisema bibi.

"Kaa, Baba Shukuru," alisema Eufrazia.

Akakaa, mgongo wake kwao. Bibi Agnes akasimama nyuma yake. Kumgusa mkwe hakuweza, na hakumgusa. Alimshika mjukuu kwapani, akamwinua, akaushusha ule mguu mnene usio na kiatu mpaka ukatua juu ya bega la kulia la Mikaeli.

"Gabrieli," alisema kwa sauti ambayo majirani ng'ambo ya kijito waliisikia. "Gabrieli, mwanangu, dereva wako huyu hapa. Mwambie pa kwenda."

Mtoto alifurahi kuona ana mahali pa kukanyaga, akasukuma kwa nguvu zake zote. Mikaeli akageukia kulia kama kawaida yake, na safari hii Gabrieli alikuwa anacheka.